Noti Iliyomezwa na Chumba

Bessemer, Alabama
Alhamisi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unakula. Dada Earlene ananiambia mkate wa mahindi anaokuletea unawatupia ndege, na redio umeizima tangu Pasaka. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimempa yeye barua hii akuletee. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kwa hasira.

Unakumbuka siku niliyokuita studio, hiki chumba changu cha nyuma ya jiko, nikakusikilizisha wimbo mliorekodi wewe na wenzako watatu wa kundi la uimbaji. Nilikuambia ile sauti yako ya chini kabisa haipo tena, uzee umeichukua. Ukavua kofia, ukaivaa tena, ukaondoka. Jumapili iliyofuata ukawaaga wenzako, baada ya miaka thelathini na minane ya kuimba nao.

Basi nikabaki kuipandisha sauti yako kwenye mashine, na bado pale kitini ninapokaa kusikiliza haikusikika. Mwenzako Shemasi Purifoy alipousikiliza wimbo ndani ya gari lake alinicheka, akasema besi imezidi mpaka kioo cha nyuma kinasema amina, na akaniuliza kama nina nta masikioni. Nikabandika sponji za kunyonya mwangwi ukuta mzima. Wapi! Zilizofifia ni sauti nyembamba tu.

Ndipo nikamwita Tamika Goolsby, fundi wa sauti wa Tuscaloosa. Alipiga mlio mmoja mzito, usiokatika, akaniamuru nitembee. Ukutani ulinguruma, kitini pangu, katikati kabisa ya chumba, ulitoweka. Alisema, kaka wee, umekaa shimoni: chumba ni mraba, sauti nzito zinagonga kuta na kurudi, na zinapokutana hapo katikati zinauana. Akanisaidia kutengeneza fremu nene zilizojazwa pamba ya kuzuia joto, tukazisimamisha kwenye kona zote, tukasogeza kiti mbele. Halafu tukaucheza wimbo wako bila kuongeza chochote.

Baba, ulikuwepo. Ile noti ya chini ilitoka nzima, imetulia, hadi Tamika akauliza ni nani huyo mzee. Nililia mbele ya mgeni bila haya.

Laiti mambo yangeishia hapo. Hayo yalitokea siku kumi na moja zilizopita. Nimenyamaza kwa sababu wenzako wamenipa mimi nafasi yako, na Jumapili hii ndiyo sherehe ya miaka hamsini ya kundi. Tena kuna baya zaidi. Siku ile nilipokuambia sauti imekwisha, chumba kilidanganya masikio yangu, lakini furaha niliyoisikia moyoni haikuwa ya chumba. Ilikuwa yangu. Tangu utotoni nimeitamani nafasi ile. Nilikutazama ukivua kofia, nikafurahi. Sijui mtu anaombaje msamaha kwa jambo kama hilo.

Leo asubuhi nimemwambia Purifoy kwamba siimbi. Akafoka, eti wakisimama watatu watakuwa mafiga, si waimbaji. Nikamjibu yupo wa nne. Sina hakika, Baba. Ukitaka nisiingie kanisani, sitaingia, nitakaa nje. Lakini njoo. Wataanza saa nne asubuhi, na nafasi yako wataiacha wazi.

Msalimie Dada Earlene, umshukuru kwa kubeba barua asiyojua ina nini.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Roderick