Ombi Moja kwa Siku

Jumatatu, 5 Februari 1532

Homa bado. Mwenye homa hamkaribii Mtawala, ndiyo sheria ya hapa. Miaka sita nimemvika shati kila asubuhi – mimi Lattanzio, mtoto wa fundi hatamu! – na sijakosa hata siku moja. Nani anishikie nafasi? Messer Baldo, mzee wa mlangoni, ni mjanja mno. Nimemchagua Fazio, mtoto wa mama mdogo, niliyemleta mwenyewe kutoka kijijini. Hajui hata kunong'ona. Huyo hawezi kunipiku.

Jumatano, 7 Februari

Balaa! Mdogo wangu Neri amemuua askari kwenye vurugu za sherehe. Walikuwa wamelewa wote, lakini kisu ni cha Neri, hakuna ubishi. Amefungwa mnarani. Atanyongwa Jumamosi adhuhuri.

Neri wangu.

Ila dawa naijua. Kichwa cha Mtawala kinapopita kwenye shati, anayemvika hunong'ona ombi moja. Moja tu kwa siku, na mwingine yeyote chumbani hafungui kinywa. Mimi hajawahi kuninyima. Homa imeshuka. Kesho!

Alhamisi, 8 Februari

Nimejipaka maji ya waridi, nimefika mlangoni kabla ya wote. Baldo kanizuia kwa fimbo yake. Eti nikapumzike. Eti Mtukufu amependa mikono ya Fazio, ina joto. Yangu siku zote ni ya baridi kama samaki.

Siku zote! Miaka sita, na hakuna aliyeniambia.

Nikapanga foleni na waombaji. Juzi walikuwa wakinibusu mkono. Leo mmoja kauliza kwa sauti, "Messer Lattanzio, na wewe umekuja kuomba kazi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Aliye juu mngoje chini, na mimi waliningoja kwa subira.

Fazio alipotoka nilimpigia magoti. Ndiyo, magoti, mbele ya mtu niliyemfundisha kufunga vifungo.

"Inuka, kaka, watu wanatuangalia! Kwani Neri si ndugu yangu? Kesho namwombea."

"Na leo?"

"Leo nimeshaomba kofia."

Kofia. Ya manyoya mekundu. Kweli imempendeza, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 9 Februari

Asubuhi mlango ulibaki wazi kidogo. Nilimwona Fazio akiinama. Shati likashuka, midomo ikacheza. Mtawala akacheka, akanitazama – mimi! – akaitikia kwa kichwa. Nililia kwa furaha begani kwa Baldo, mzee wa watu hakujua ashike wapi. Nikamwekea Bikira Maria nadhiri ya mshumaa mrefu kama Neri.

Kurudi chumbani, watumishi wanatoa makasha yangu. Chumba hiki kimeombwa. Kimekubaliwa. Ndiyo maana alinitazama.

Fazio kaja nyuma yao, hata aibu hana. Chumba chake kina unyevu, anasema, kifua kinambana, ulimi ukamtangulia. "Lakini kesho asubuhi Neri wa kwanza, kaka, haki ya Mungu!"

Sikumpiga. Nitathubutuje kumchukia? Kesho kuna shati moja, ombi moja, basi.

Nimemkaribisha kiti changu. Mimi naandika nimesimama, kwenye ukingo wa dirisha. Akasifu mkufu wangu – nikauvua, nikamvika. Akauliza kama farasi wangu mweusi ni mkali. Nikamwambia mpole sana, mchukue, mchukue leo hii, usimsumbue Mtukufu kwa farasi. Kanzu ya mahameli nayo nimempa. Na lile shamba dogo la mizabibu, ambamo mama anaishi. Nimempa! Nataka kesho aamke hana cha kuomba isipokuwa Neri.

Nimemuuliza kama kuna kingine anachokitaka.

Bado anafikiri.