Magazini Isiyoingia

International City,
Dubai.
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa Kaka Sowedi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Fairuz na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mzee, bado anakwenda msikitini kwa miguu au mmemshawishi apande boda? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Baridi ya huku inaisha.

Nimeandika kwa mkono, na Faris, tunayekaa naye chumba kimoja, ataileta mwenyewe akija Kampala Jumapili. Mambo haya sikutaka kuyasema kwa simu.

Wiki iliyopita dada yetu Joweria alinieleza yaliyotokea kwenye ghala la kahawa unalolinda. Alidhani najua. Aliniambia majambazi walikuja mchana, mlinzi mwenzako Boaz akiwa zamu ya lango na ile bunduki fupi mpya. Risasi zilipomwishia alichomoa kiunoni magazini ya bastola, kile kikasha cha risasi, akaisukuma ndani, ikakataa. Akasukuma tena. Wakampiga risasi ya kiwiko. Joweria anasema hadi leo vidole vya mkono ule havikunjiki.

Kisha akaniambia umesimamishwa kazi kwa sababu wewe ndiye uliyeichagua bunduki hiyo, na kwamba mkurugenzi alipokuuliza nani alikushauri, ulijibu, "Ni uamuzi wangu."

Kaka, ujumbe wako wa Septemba bado ninao. Uliandika vizuri kabisa. Ulisema walinzi wana bastola tayari, ukataja aina yake, ukatuma picha za bunduki mbili zinazotumia risasi za bastola, ukauliza ni ipi inayokubali magazini zile zile, ili mlinzi akiishiwa achukue ya kiunoni. Mimi nilikuwa ndani ya basi natoka kazini. Aina ya bastola sikuisoma. Nilitazama picha, nikapenda ile nyeusi yenye kitako cha kukunja, nikakutumia ujumbe wa sauti kwamba risasi zikiwa za milimita tisa magazini yoyote inaingia.

Ukaniuliza, "Una uhakika, Hamuza? Muuzaji anaileta na magazini moja tu, na kampuni haitaki kununua nyingine."

Nikakujibu, "Kaka, hizi ninazishika kila siku."

Huo ulikuwa uongo. Sijawahi kuishika hata moja. Katika klabu hii ya kulenga shabaha mimi ni mlinzi wa mlangoni. Napekua mifuko ya wageni, nawapa vikinga masikio, nasema welcome sir, welcome madam. Fundi wa silaha ni Adib, Msyria mmoja mtu mzima. Nyumbani niliwaambia kazi ya Adib ni yangu. Mzee alifurahi sana, nikashindwa kurudi nyuma.

Baada ya Joweria kunieleza nilimwendea Adib, nikamwonyesha picha zako. Hakuchukua hata dakika. Alisema ile nyingine, uliyoiacha kwa maneno yangu, ndiyo iliyotengenezwa kwa magazini za bastola zenu. Nyeusi ina magazini yake yenyewe. Risasi ni za aina moja, lakini umbo la magazini ni tofauti, na mahali pa kuishikilia ni tofauti. Aliniwekea mezani bunduki kama ile, tupu, pamoja na magazini ya bastola, akasema, "Jaribu." Niliisukuma. Iliingia nusu, ikagoma. Na mimi nilikuwa mezani tu, hakuna mtu wa kunilenga. Nilimfikiria Boaz.

Adib aliniuliza, "Kwa nini hukuja kuniuliza siku ile? Nilikuwa chumba cha pili." Nikamwomba kalamu na karatasi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ya mkurugenzi. Nimemweleza kwamba wewe uliuliza swali sahihi mara mbili na mimi ndiye niliyekudanganya, na nimeweka saini na namba yangu. Tafadhali mpe. Ukinificha tena utakuwa unaniumiza. Kazi yako huenda ikarudi, inshallah. Mkono wa Boaz sijui nitaulipa kwa kitu gani. Nataka kumpigia, lakini nasubiri wewe uniambie kama atakubali kunisikia.

Jambo la mwisho ni zito kwangu kuliko karatasi ile. Mzee akimaliza sala ya Ijumaa, ukae naye, umsomee barua hii yote. Asisikie kwa watu wengine kwamba mwanawe hufungua mlango.

Nisalimie Shemeji, Joweria na watoto wote. Mola awape afya, atufikishe Ramadhani tukiwa hai, na amjalie Boaz nafuu.

Mdogo wako aliyekukosea, na anayekupenda,

Hamuza