Neno Nililoliandika Kwenye Pasi ya M'Mwirichia

Jumanne. Ukungu haujaondoka Githongo tangu asubuhi. Miguu ni baridi na moyo pia, lakini mkono bado unaandika.

Nimeficha neno moja tangu miaka ya Hali ya Hatari. Daktari amenipa wiki chache, basi naliweka hapa.

Jana mjukuu wangu Kendi alikuja kunijulia hali. Ana kampuni changa Meru mjini, wafanyakazi sita, na anataka kumwondoa mmoja. Alilalamika kwamba sheria inamdai notisi ya mwezi mzima, na nafasi haijazwi mpaka huyo aondoke. Rafiki yake amemshauri amwandike kwamba ameacha mwenyewe.

"Guka, si ni neno tu?"

Nilisema nina usingizi.

Nilikuwa karani wa kiwanda kipya cha mbao. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha pasi, na aliyeondoka niliandika humo sababu. Ameachishwa: huyo alistahili notisi, akiendelea na kazi mwezi mmoja huku akitafuta nyingine. Ameacha: huyo hakustahili chochote, aliondoka siku hiyo hiyo. Na wakati ule askari walimwona mtu aliyeacha kazi kwa hiari kuwa amekwenda msituni kujiunga na wapiganaji.

Nilijua hilo. Karani yeyote alilijua.

M'Mwirichia alikuwa fundi wa msumeno. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na tajiri, Mzungu mwenye kiwanda, akaamua aondoke. Hakujua kusoma. Nilipomwambia kazi imekwisha leo, alinisukumia pasi yake mezani akicheka.

"Karani, usiniharibie jina. Mama Karimi atasema nimefukuzwa kwa uvivu."

"Sitaharibu," nilisema.

Nikaandika: Ameacha.

Walimkamata siku ya tatu, kwenye kizuizi cha barabarani, pasi mkononi. Alipelekwa kambini. Hakurudi.

Mama Karimi, mkewe, alizeeka akinisalimia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa. Aliniuliza mara moja tu ni nani aliyeamua neno lile. Nilimjibu kwamba tajiri alitaka kukwepa notisi, na karani ni mkono tu. Aliitikia kwa kichwa. Nimewaambia hivyo watoto wangu pia. Nimejiambia hivyo mpaka sauti yangu mwenyewe ikanichosha.

Nilitarajia kulia nikifika hapa. Silii.

Kesho nitamwomba Kendi asome ukurasa huu kabla hajamwita yule mfanyakazi wake ofisini.

Tajiri hakukwepa kitu. Aliniambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Pa yeye notisi, mwezi moja." Lakini ndugu yangu mdogo hakuwa na kazi wala muhuri wa mwajiri kwenye pasi yake, na askari walikuwa wakikusanya vijana wa namna hiyo. Mwezi ulikuwa mrefu mno. Nilihitaji nafasi iwe wazi siku ile ile.

Ndugu yangu alianza kazi asubuhi iliyofuata, kwenye msumeno wa M'Mwirichia.