Mpira Niliouita Wetu

Likombe, Mtwara
Ijumaa mchana

Mama yetu mpendwa,

Shikamoo mama. Kabla ya yote nataka kujua kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko, na kama mguu unakuruhusu kushuka bondeni kwenye viazi. Babu ameacha kukohoa? Huku miili yetu ni mizima. Baba mdogo anaingia bandarini zamu ya asubuhi. Mama mdogo anasema majani ya chai uliyotuma yamekwisha na watoto wanayaulizia kila wakiamka.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Jumapili ulipiga ukauliza, "Mmeshinda?" Nikajibu, "Hapana," halafu nikanyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, mama. Nilikuwepo. Unajua mwenyewe kwamba kwenye simu sauti yangu inapotea. Dereva mmoja anayefahamiana na baba mdogo anapakia mzigo wa kwenda Makambako kesho, kwa hiyo naandika sasa, watoto wakiwa wamelala, nikueleze yote.

Baada ya mitihani ya kidato cha nne, Madamu Sofia, mwalimu wetu wa michezo, alituomba tuliomaliza tusitawanyike kwanza. Kulikuwa na bonanza la softiboli la wasichana, Jumamosi na Jumapili, shule nne, kwenye uwanja ulio njia ya Naliendele. Mchezo huu sijawahi kukueleza vizuri. Mmoja anarusha mpira, wa timu nyingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Akirudi, timu yake imepata alama. Lakini ukiudaka mpira wake kabla haujagusa chini, yeye ametoka. Vituo vyetu vilikuwa magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga. Mimi kazi yangu ni kukaa nyuma kabisa, upande wa kushoto, na kungoja mipira mirefu. Nilipapenda kule nyuma, kwa sababu hakuna mtu wa kuongea naye isipokuwa Awa.

Awa ndiye nahodha, anasimama nyuma katikati. Ni yule niliyekusimulia, aliyeniazima ndoo yake siku ya kwanza nilipofika hapa nikiwa sijui hata maji yanatekwa wapi. Jina lake ni Awa, siyo Hawa, ingawa walimu wote huandika Hawa. Kwao ni Kitaya, kando ya mto Ruvuma. Wazazi wake asili yao ni ng'ambo, Msumbiji, na bibi yake bado yuko huko. Alikuwa akikaa hosteli ya shule.

Timu itakayoshinda ilikuwa inakwenda Dar es Salaam, hata sisi tuliokwisha kumaliza. Kwetu wengine ilikuwa safari tu. Kwa Awa haikuwa hivyo. Baba yake alikuja kabla ya bonanza, nikiwepo, akamwambia, "Mkishinda, nenda na wenzio. Ukitoka huko ukae kwa shangazi yako, usubiri matokeo, utafute chuo. Mkishindwa, tunarudi wote ng'ambo. Bibi yako hawezi tena kuteka maji, na sina mwingine wa kumpeleka."

Hakusema kwa ukali, mama. Alionekana amechoka. Awa akajibu, "Sawa baba." Halafu akanigeukia mimi, maana huniita kwa kabila letu, "Umesikia, Mbena? Wiki hii hudondoshi kitu."

Sasa nikueleze jambo moja ambalo ndilo lililotuponza. Mpira ukipaa kati ya wachezaji wawili, mmoja lazima apige kelele, "Wangu!" Mwingine akisikia anapisha. Usipoita, mtagongana au mtaachiana. Mimi tangu nianze kucheza sikuwahi kuita. Mpira ukija katikati yetu, Awa ndiye anayeita, mimi napisha. Madamu alikuwa akisema, "Editha, mdomo umeuacha Njombe?" Wenzangu wanacheka, "Kwao wanaongea na viazi tu, havijibu!" Awa anawaambia, "Mwacheni. Mimi naita kwa niaba ya wawili."

Jumamosi tulishinda. Jioni ile kabla jua halijazama Awa akanisimamisha kwenye veranda ya hosteli.

"Sema wangu."

"Wangu."

"Hata sisimizi hajashtuka. Sema tena."

Nikasema tena, na tena, mpaka matroni akatoka kuuliza nani ameibiwa.

Jumapili tulikutana na wasichana wa Masasi. Watu walikuwa wengi, wengine wanatafuna mabibo, maji yanawachuruzikia kwenye nguo. Baba yake Awa alikuja pia, alisimama upande wa kwetu, na kila tukipata alama anapiga makofi mawili, basi. Tukafika mwisho kabisa tukiwa mbele kwa alama moja. Masasi walikuwa na wasichana wawili kwenye vituo, na sisi tulihitaji kumtoa mmoja tu, mchezo uishe.

Msichana wao akaupiga mpira juu sana. Ukaja upande wetu, kati yangu na Awa, ila kwangu zaidi. Niliuona vizuri, mama, hata nyuzi zake nyekundu niliziona. Awa alikuwa anakuja mbio lakini amefunga mdomo. Alikuwa ananiachia mimi niite. Nikafungua mdomo, nikaita kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu unizae.

Nikasema, "Wetu!"

Sijui limetoka wapi. Au najua. Mama mkubwa alipofariki na kina Rehema wakahamia kwetu, wewe ulikataza mtu kusema mama yangu, sahani yangu, kitanda changu. Ulisema wasijione wageni. Nilikuwa na miaka mitano. Tangu hapo ulimi wangu unajua mama yetu, chetu, yetu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya neno lile jingine siku moja tu.

Awa alisimama. Aliniangalia kama mtu anayengoja sentensi iishe. Na mimi nilisimama, kwa sababu yeye amesimama. Mpira ukaanguka katikati yetu, ukadunda mara moja. Tulipoukimbilia wote wawili, wale wasichana wawili walikuwa wamesharudi walipoanzia, mmoja nyuma ya mwenzake.

Watu walicheka sana. Mmoja akapaza sauti, "Wetu! Gawaneni basi, nusu kwa nusu!" Mwingine akasema, "Ungekuwa wali msingeuacha!" Sasa hata watoto wa hapa mtaani wananiita Wetu.

Madamu hakunigombeza. Alikusanya glavu, akazihesabu, akazihesabu tena. Awa alikaa chini anafungua kamba za viatu. Nikachuchumaa karibu naye.

"Ulimaanisha nini, wetu?" akaniuliza.

"Nyumbani tunasema hivyo."

"Basi kwenu hamdaki kitu." Alicheka kidogo, halafu akaficha uso ndani ya glavu, na mabega yake yakawa yanatikisika. Baba yake alimngoja mbali, hakusogea. Sikuweza kusema samahani. Nililishika neno mdomoni mpaka likapoa.

Jumanne asubuhi waliondoka na gari dogo la mizigo la mjomba wake. Awa aliomba wapitie hapa kuniaga. Mama mdogo akatoka jikoni, akauliza, "Huyu ni nani mgeni wetu?"

Nikajibu, "Ni rafiki yetu, Awa."

Awa akaniangalia. "Hata leo, Mbena?"

Alipanda nyuma, akakaa juu ya godoro lake. Ile ndoo yake aliniachia. Gari likaondoka, na mimi nimesimama tu. Lilipofika kwenye kona ya mikorosho nikaanza kukimbia pekupeku, nikaita, "Awa! Rafiki yangu! Awa, rafiki yangu!" Niliita mpaka koo likauma. Mafundi waliokuwa wanajenga jirani wakaacha kazi kunitazama, na sikuona aibu. Lakini gari lilikuwa limeshapinda. Sijui kama alisikia. Simu yake tangu siku ile haipatikani.

Mama, sikulaumu. Kina Rehema ni ndugu zangu na nisingependa iwe vinginevyo. Nakueleza tu jinsi ilivyotokea, kwa sababu hapa wote wanadhani niliogopa mpira. Baba mdogo anasema nikitaka nije huko kungoja matokeo, au nikae hapa. Amua wewe. Mimi ningependa nikae kidogo, asije Awa akatokea akanikosa.

Msalimie sana babu, mwambie dawa ya kikohozi itakuja na dereva. Msalimie shangazi wa dukani, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, na jirani yetu anayetukamulia maziwa. Kina Rehema wabusu wote. Wasomee barua hii kama kawaida, lakini mstari wa mwisho usiwasomee, uwe wa kwako na mimi.

Mimi mwanao,
Editha

Mama yangu, nimekukumbuka.