Mshumaa wa Pili, Mimi na Subilaga

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani. Mvua. Mshumaa wa kwanza wa Majilio umewashwa, wa matumaini. Kisha mchungaji katangaza: Jumapili ijayo mshumaa wa amani utawashwa na Mama Tumpe, yaani mimi, pamoja na Subilaga. Kwaya nzima ikanigeukia.

Subilaga ni jirani yangu hapa Ipyana. Tuliimba sauti ya pili pamoja miaka ishirini. Tangu msiba wa mwezi wa tatu hatusalimiani. Alisema mbele ya waombolezaji kwamba mchele niliochanga una mawe. Mchele wa Kyela! Mchele wangu! Mchungaji anajua kabisa. Mjanja yule.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemwambia mchungaji mgongo unaniuma. Akasema, "Mama, mshumaa hauna uzito."

Nimerudi nimenuna. Nimeomba nipate amani. Nikaomba pia Subilaga apate mafua. Mafua ya kawaida tu, si makubwa.

Alhamisi, 5 Desemba

Mazoezi. Yeye anataka kushika kiberiti. Mimi pia. Hatusemeshani, kwa hiyo tumebishana kupitia kwa mzee wa kanisa. "Mwambie aache." "Mwambie aache yeye." Mzee kachoka, kaondoka na kiberiti.

Nimemsamehe mara tatu tangu jioni. Msamaha haukai.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua imekuja ghafla, kakao yangu nimeianika nje. Zamani yeye alikuwa akishika upande ule wa turubai la kuifunika, mimi huu. Leo alisimama mlangoni kwake akitazama. Hakuja. Sikumwita. Kakao imelowa.

Nimelia kidogo. Nikasema ni moshi. Hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 8 Desemba

Kiberiti kimeingia unyevu. Njiti ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Waumini wanasubiri amani. Ikabidi nimsemeshe: "Kinga upepo."

Akakinga. Akaninong'oneza, "Mama Tumpe, yale mawe yalikuwa ya mchele wangu. Niliumwaga sufuriani kabla ya wako. Niliona aibu."

Kipaza sauti kilikuwa mbele yetu. Kimewashwa. Wamesikia wote, hata waliosimama nje.

Nilitaka kumpiga. Kweli, pale pale madhabahuni. Kisha bibi mmoja nyuma akapaza sauti, "Ndaga fijo! Asante sana! Sasa washeni!" Kanisa likaangua kicheko. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye analia, mimi nacheka, njiti ya saba ikashika.

Mahubiri yalikuwa mafupi. Mchungaji alisema hana la kuongeza.

Jumatatu, 9 Desemba

Subilaga kaja asubuhi, kakaa barazani. Mchele hatukuutaja. Akanionyesha miguu. Inavimba tangu mwezi wa sita, viatu havimwingii. Miezi yote hiyo, hatua ishirini toka kwangu, na sikujua.

Nimemkanda kwa maji ya moto. Kasinzia kwenye kiti. Sikumwamsha.

Kesho namsindikiza zahanati.