Keria ya Castory

Yasinta, weka chai chini kwanza. Castory, mume wa Anastazia, kafunga keria juu ya gari lake mwenyewe! Kamwita fundi wa Ipagala mbabaishaji, eti "keria ni akili tu."

Akili hiyo imepitisha mikanda madirishani, milango yote imefungwa nayo, haifunguki! Madirishani, shoga! Na yeye kakaa humo humo ndani, anakaza.

Mara mama mkwe wake huyo, kafika toka Mkonze na magunia yake ya karanga. Castory asukume mlango, wapi! Alegeze mkanda, umegoma!

Basi baba mzima, na tai yake ya ofisini, kachomoza kichwa dirishani: "Shikamoo, mama."

Mama kamtazama weee. "Marahaba, baba. Hilo gari linakuzaa au linakumeza?"