Aya ya Saba Niliyoiruka

Mshauri, hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja: nilimdanganya mama mbele ya watu, naye akanishukuru. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, si msemaji, darasani nikiitwa nasimama tu nikitazama viatu, ila nyumbani mimi ndiye nisomaye karatasi zote za lugha ya ofisini, kwa sababu nimesoma lugha mbili, lakini mama, fundi cherehani, anasoma ya kwetu tu. Sasa mama anataka kununua nyumba tunayopanga, ambayo chumba cha mbele ndicho karakana yake, vyerehani vitatu, meza ya kukatia na dirisha wanalochungulia wateja, na mjomba, kaka yake, akamwambia, "Dada, wakili wa nini tena? Mwenye nyumba ana wakili wake kutoka mji mkuu, msomi kwelikweli, atatuandikia sote. Na mtafsiri si huyu hapa?" Jumamosi tukaketi na mkataba mezani, mimi nasoma, natafsiri, mama anaitikia "ehe, ehe," mpaka aya ya saba. Sikuielewa. Wakili akatazama saa yake, mjomba akasema, "Binti, umemeza ulimi? Au huko shuleni mnafundishwa kuimba tu?" wakacheka, masikio yakaniwaka, nikasema, "Hapa ni maneno ya kawaida tu," nikarukia ya nane. Mama akanipapasa mgongo: "Asante, macho yangu."

Jana nilichukua nakala na kamusi, neno kwa neno. Mshauri, aya ya saba inasema chumba cha mbele na lango la barabarani havimo katika mauzo, vinabaki mali ya mdogo wake mwenye nyumba! Yaani mama ananunua vyumba vya nyuma, na kuingia kwake ni kwa hisani ya mtu. Ijumaa ya wiki ijayo anatia sahihi. Nina hasira na yule wakili aliyeniona naruka akanyamaza, nina hasira na mjomba mjuaji wa kila kitu, na mdomo wangu huu natamani niushone. Nikisema, mama ataaibika mbele ya kaka yake na hataniamini tena, na nikinyamaza ndiyo basi, ataku

Ni ndara za mama, anakuja huku, naificha hii chini ya

*

Binti,

Nashukuru umeituma barua hivyo hivyo, bila kuimalizia. Ulikosea. Kusema "sijaelewa" hakuvunji meno. Lakini hasira yangu kubwa si kwako. Watu wazima wazima wanambebesha mwanafunzi mkataba wa nyumba, kisha wanamtania! Kumtegemea wakili wa muuzaji amlinde mnunuzi ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Yule hakumsahau mama yako. Hakuwa wakili wake hata siku moja.

Unaogopa mama ataaibika. Ni heri aaibike jikoni akiwa na wewe, au barabarani akiwa na vyerehani vyake?

Leo hii, mketishe mama peke yake, msomee aya ya saba, na usijitetee. Akikufokea, fokewa. Kisha mwende wote wawili mkamtafute wakili wa ardhi wa hapo hapo mnapoishi. Mji mkuu achaneni nao. Mnamtaka anayejuana na makarani wa ofisi ya ardhi yenu, anayejua ndugu gani wanagombania lango lipi, anayeweza kuja kwa miguu yake akaikanyaga mipaka. Mwulizeni amewahi kusimamia mauzo ya nyumba ngapi, na kama ana kazi yoyote ya mwenye nyumba au ya mdogo wake. Akijikuna kichwa, ageni mwondoke. Akakague daftari la usajili, aone chumba kile kimeandikwa jina la nani. Kama ni la mwenye nyumba, aya ifutwe. Kama ni la mdogo mtu, naye aje mezani auze, ama mama asinunue. Na mkataba, wakili wake amsomee kwa lugha yake, aya kwa aya. Wewe siku hiyo nenda shule.

Mjomba atakuja juu, najua watu wa namna yake. Ijumaa ikifika kabla wakili hajamaliza, mama asiende. Na kaka yake akimpigia simu, "Dada, unatutia aibu, msomi anasubiri!" amjibu kwa upole kabisa: "Basi asubiri, kaka. Wa kwangu bado anasoma."